Shajara ya mradi: Wi-Fi ya nyumba ya Kibokoni, na kama rauta ya kasi ina faida

Jumamosi, 8 Machi 2025

Mradi umeanza baada ya futari, ndugu yangu mdogo aliponiwekea simu mbele ya uso. Kwenye kioo kuna rauta (kifaa cha kugawa intaneti nyumbani) ya Wi-Fi 7, yaani kizazi cha saba cha Wi-Fi, yenye antena kama miguu ya kaa, bei Sh25,000, na anataka tuchange. Hoja yake ni fupi: Wi-Fi ya nyumba hii ni mbovu, rauta hii ina kasi, tununue. Nimemwambia hatutoi hata senti mpaka tujue kasi tunayoilipia sasa inapotelea wapi.

Hali ilivyo. Nyumba ni ya zamani, Mji wa Kale wa Mombasa, chini pamoja na ghorofa mbili. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa kati nimeupima mlangoni, unene wake sentimita 52. Dari ni boriti, na juu ya boriti kuna mawe na chokaa tena. Intaneti yetu ya faiba ni ya Mbps 30 (megabiti kwa sekunde; biti nane ni baiti moja). Kisanduku cha kampuni ya intaneti, kinachorusha Wi-Fi, kiko sebuleni chini, ndani ya kidaka. Fundi aliyekuja kukifunga alikiona kidaka kile, akafurahi, akakiweka humo kikatulia kama chetezo cha ubani. Kwa macho kinapendeza sana. Kwa mawimbi ni balaa: jiwe nyuma, jiwe juu, jiwe chini, jiwe kushoto na kulia, na uwazi wa upande mmoja unaotazama kichochoroni. Majirani wa ng'ambo ya kichochoro wanaipata Wi-Fi yetu vizuri kuliko Mama anavyoipata.

Mama anakaa ghorofa ya pili. Ndugu yangu yuko ya kwanza na meza yake ya kuhariri video za harusi, ambayo ndiyo kazi inayomlisha. Mimi, mke wangu na watoto tuko chini. Nilipomuuliza Mama anataka nini katika mradi huu, alisema, "Mwanangu, fanyeni mfanyavyo. Mimi nataka nikizungumza na dada yako London, uso wake usigande."

Hilo nimeliandika kama sharti la kwanza. La pili ni la ndugu yangu: kuhamisha video kutoka laptopu kwenda kwenye ghala, yaani kompyuta yetu kuukuu yenye diski ya terabaiti 4, bila kungoja mpaka daku.

Jumapili, 9 Machi

Vipimo. Laptopu ikichomekwa waya kwenye kisanduku, intaneti inatoa Mbps 31, kwa hiyo kampuni inatupa tunacholipia. Kwa Wi-Fi pale pale sebuleni, 29. Kwenye meza ya ndugu yangu, 11. Chumbani kwa Mama, 3, na mara nyingine kipimo kinakata tamaa kabla ya kumaliza.

Nguvu ya mawimbi ilikuwa -46 dBm sebuleni, -71 kwenye meza na -84 kwa Mama. Kwa asiyezoea namba hizi: kila desibeli 10 zikishuka, nguvu inabaki moja ya kumi. Kutoka -46 hadi -84 ni desibeli 38, maana yake mawimbi yanayofika kwa Mama ni dhaifu zaidi ya mara 6,000 kuliko ya sebuleni.

Kisha nikaendesha iperf3, programu ya kupima kasi kati ya kompyuta mbili, kati ya laptopu na ghala, ili intaneti isihusike kabisa. Sebuleni Wi-Fi ilitoa Mbps 68. Namba hii ndiyo iliyonifanya nikae kitako. Kisanduku cha bure, chenye Wi-Fi ya kiwango cha 2009 na masafa ya 2.4 GHz peke yake, kinaweza kubeba zaidi ya mara mbili ya intaneti tuliyonayo. Kwa mtu aliyekaa karibu nacho, rauta ya Sh25,000 isingeongeza chochote kwenye intaneti. Angeendelea kupata 30, kwa sababu ndizo zinazoingia mlangoni.

Kwenye meza ya ndugu yangu kipimo hicho hicho cha ndani kilitoa 14. Picha za harusi moja, kamera mbili, ni gigabaiti 60 hivi. Kwa Mbps 14 hizo ni saa tisa na ushee. Ndiyo maana huwasha kazi ya kunakili akienda tarawehe na kuikuta haijaisha alfajiri.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimepima usiku, baada ya tarawehe, saa ambayo nyumba zote za mtaa ziko mtandaoni. Programu ya kuchungulia mitandao ilionyesha majina zaidi ya arobaini kwenye 2.4 GHz. Masafa hayo yana chaneli tatu tu zisizopandiana, yaani 1, 6 na 11, na hapa Kibokoni nyumba zimeegemeana. Kuna mmoja yuko chaneli ya 3, anawaharibia wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Kwenye 5 GHz, masafa mengine ya Wi-Fi, niliona majina machache mno, na yote dhaifu. Mawimbi ya 5 GHz yanachoka upesi kwenye jiwe, na kuta hizi zinazotutesa sisi zinawazuia majirani pia. Hilo limenibadilishia mawazo: kila ghorofa ikiwa na kituo chake cha kurushia Wi-Fi ya 5 GHz, ukuta unakuwa upande wetu.

Lakini uvumbuzi wa usiku huu ni mwingine. Sebuleni, hatua mbili kutoka kwenye kisanduku, nilikuwa napata Mbps 9. Nikampigia kelele ndugu yangu juu asimamishe kunakili. Mara moja nikarudi 29. Kazi yake haigusi intaneti hata kidogo, inatoka laptopu kwenda ghala, vyote viko ndani ya nyumba. Ila hewa ni moja. Kwenye Wi-Fi vifaa vinapokezana, kinasema kimoja na vingine vinasubiri, na kifaa kilicho mbali kinasema polepole, kwa hiyo kinakaa na zamu muda mrefu. Baiti ile ile ambayo mimi wa karibu naipitisha kufumba na kufumbua, yeye inamchukua muda mrefu mno. Usiku kucha nyumba nzima ilikuwa inangojea harusi ya watu ipande diskini.

Basi malalamiko ya kwamba "intaneti ya usiku mbovu," ambayo tumekuwa tukiyapeleka kwa kampuni, kwa sehemu kubwa yalikuwa ya kupelekwa ghorofa ya kwanza.

Ijumaa, 14 Machi

Kisanduku kimetoka kidakani. Nimekiweka juu ya rafu kwenye mdomo wa ngazi, mahali ambapo nyumba imefunguka kuanzia chini hadi juu. Tahadhari moja kwa atakayefanya hivi: kamba ya faiba ndani ni kioo, usiikunje kona kali wala kuifunga fundo kuficha urefu uliozidi. Mwanga unavuja kwenye mkunjo na kampuni itakuja kukutoza. Mimi niliizungusha duara pana nikaipigia klipu ukutani.

Meza ya ndugu yangu imepanda kutoka -71 hadi -63, na intaneti kutoka 11 hadi 24. Mama ametoka 3 hadi 9. Gharama ni ubao mmoja na skrubu. Kama mradi ungeishia hapa, nusu ya watu wa nyumba wangeridhika, na nawashauri wote wanaokodolea macho rauta mpya waanze hapa.

Simu ya video inahitaji Mbps 2 hivi, kwa hiyo 9 ya Mama ni nyingi. Bado uso wa dada uliganda usiku. Tatizo lake halimo kwenye kasi: pakiti, yaani vipande vidogo vya data, zinapotea njiani na kurudiwa, na simu ya video haina subira na pakiti inayochelewa. Kipimo cha kasi kinaficha jambo hili kwa sababu kinakupa wastani.

Jumamosi, 15 Machi

Nimezunguka maduka ya Digo Road. Nimeshika boksi la rauta lililoandikwa AC1200, Sh3,500.

"Ami, hii 1200 ni nini?"

"Spidi hiyo, mwanangu."

"Spidi ya wapi?"

Akacheka. "Ya hapo kwenye boksi."

Alisema kweli kuliko alivyokusudia. Hiyo 1200 ni jumla ya 300 ya 2.4 GHz na 867 ya 5 GHz, ikakuzwa kidogo ili ivutie. Hakuna simu inayotumia masafa yote mawili ya rauta kama hii kwa wakati mmoja, na hata hiyo 867 ni kasi ya kinadharia. Ukipata nusu yake mkononi, shukuru. Kisha nikaligeuza boksi na kusoma maandishi madogo nyuma: matundu ya waya ni ya 10/100, mwisho wake Mbps 100. Yaani hewani 867, lakini chochote kinachopita kwenye waya kuelekea ghala kinabanwa kwenye 100. Harusi ya gigabaiti 60 ingechukua karibu saa moja na nusu hata kama Wi-Fi ingekuwa ya malaika. Kwenye rafu ile ile kulikuwa na AX1500 ya Wi-Fi 6, Sh7,800, matundu yote ya gigabiti, yaani Mbps 1,000. Tofauti ya maana kati ya maboksi mawili yale iko kwenye matundu, na ndicho kitu ambacho hakuna boksi lililokiandika mbele kwa herufi kubwa.

Ile ya Wi-Fi 7 nayo ilikuwepo. Vyeti vya Wi-Fi 7 vilianza kutolewa Januari 2024, na sifa yake kubwa, chaneli pana za 320 MHz, inapatikana kwenye masafa ya 6 GHz peke yake, ambayo ukuta wa sentimita 52 yatauona kama mlima. Na ni kifaa gani cha nyumba hii kinachoongea Wi-Fi 7? Hakipo. Simu ya Mama inaongea 2.4 GHz tu. Laptopu ya ndugu yangu ina kadi ya Wi-Fi 5 yenye mkondo mmoja tu wa data, mwisho wake 433 kinadharia. Kasi ni ya pande mbili. Rauta ikipiga mbio na laptopu ikajikokota, mwendo ni wa laptopu.

Nilichoamua, na hesabu yake nimemwonyesha ndugu yangu akanuna kidogo kisha akakubali: AX1500 kwa ghorofa ya kwanza, ghala lihamie huko huko na lichomekwe waya. Kadi mpya ya Wi-Fi ya laptopu, Intel AX210, Sh3,200. Na ile AC1200 niliyoidharau, naichukua pia, kwa ajili ya Mama! Kwake matundu ya 100 yanatosha na kubaki, maana intaneti yote ni 30. Kifaa kile kile ni kibovu kwenye ghorofa moja na kinafaa sana kwenye nyingine.

Ripita sikununua. Ami aliisukuma sana, "inaongeza netiwaki," lakini ripita ya bei ile inasikia na kurudia kwa redio ile ile, kila neno linasemwa mara mbili hewani. Kwenye mtaa wenye mitandao arobaini kwenye 2.4 hiyo ni kuongeza kelele. Afadhali waya.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya waya. Dukani nilikwangua waya kwa kisu kabla ya kulipa: nyuzi za kwanza nilizoletewa zilikuwa nyekundu juu, nyeupe ndani, aluminiamu iliyopakwa shaba. Nikairudisha. Cat6, aina ya waya wa mtandao, ya shaba tupu ni Sh60 kwa mita, nimechukua mita 40.

Nje ya nyumba hatukugusa. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na hata kama lisingekuwa, waya mweusi unaoning'inia juu ya roshani ya mbao ungeniumiza macho kila nikirudi nyumbani. Tumepita ndani, kando ya ngazi, juu ya boriti, na mahali pawili ilibidi kutoboa. Fundi ni mzee anayezijua nyumba hizi. Kijana wake alikuja na drili ya kugonga, mzee akamzima.

"Hapa hatugongi, bwana," akaniambia mimi, si kijana. "Huu ukuta si tofali. Ni mawe ya kutupia na chokaa. Ukiugonga unaona tundu dogo huku nje, kule ndani umeshabomoa shimo la paka."

Wakatoboa kwa mzunguko tu, polepole, kwa ncha ndefu, vumbi jeupe likimwagika kama unga, na kila baada ya muda mzee alichomoa ncha na kuingiza sindano ya kufumia kupima kama njia imenyooka. Tundu lilipotokea upande wa pili lilikuwa duara safi. Tukapitisha mfereji wa plastiki kwanza, kisha waya ndani yake, ili siku ya kubadilisha waya tusitoboe tena. Vichwa vya waya nimevibana mwenyewe jioni, na vyote vimesoma gigabiti. Fundi na kijana wake Sh2,500, vichwa na klipu Sh400.

Jumamosi, 29 Machi

Idi ni kesho au keshokutwa, mwezi ndio utakaoamua, na jikoni hakuna anayetaka kusikia habari za chaneli.

Mipangilio. Rauta mbili mpya zimewekwa kama vituo tu, ugawaji wa anwani za mtandao kwa kila kifaa unabaki kwa kisanduku cha kampuni. Jina na nenosiri ni moja nyumba nzima. Kwenye 2.4 GHz upana ni 20 MHz kila mahali: chini chaneli 1, katikati 6, juu 11, na nguvu nimeipunguza ili simu ziache kung'ang'ania kituo cha mbali. Simu ndiyo inayoamua lini ihame kutoka kituo kimoja kwenda kingine, na simu nyingi ni kaidi. Kwenye 5 GHz ghorofa ya kwanza iko chaneli 36, upana 80 MHz, na hewa ni yetu peke yetu.

Laptopu ikiwa bado na kadi yake ya zamani, iperf3 ilitoa Mbps 270 kutoka kwenye meza. Nikafungua mgongo wa laptopu, nikachomoa nyaya mbili nyembamba za antena (ni laini, tumia kucha, si bisibisi), nikabadilisha kadi. Kipimo kikasoma 640. Tulinakili harusi ile ile ya gigabaiti 60 kama jaribio, ikaisha kwa dakika 13. Ndugu yangu alikaa akiutazama mstari wa kijani unavyosogea, hakusema kitu, kisha akaenda kumwita mke wangu aje aone. Nikamwambia kwa waya zingekuwa dakika 9. Amesema dakika 4 hizo anamwachia yeyote anayezitaka, yeye hataki kufungwa kamba mezani.

Kwa hiyo hapa vifaa vya kasi vimelipa, na vimelipa kweli. Vimelipa kwenye njia ya meza hadi ghala, ambako data ni nyingi na hazipiti kwa kampuni yoyote.

Jumamosi, 12 Aprili

Harusi za Mfungo Mosi zimeanza na ndugu yangu hana nafasi ya kupumua. Kunakili hakumsumbui tena mtu, kwa sababu njia yake iko 5 GHz kwenye ghorofa yake na haipiti hewa ya wengine. Sebuleni usiku tunapata 28, 29. Mama anapata 27 kwenye simu yake ya 2.4, na ameacha kuniita juu. Siku za Idi nyumba ilijaa, watoto wa kila tawi la ukoo wakiwa na simu zao, na hakuna aliyelalamika.

Lalamiko jipya ni la kupandisha. Video iliyokamilika ya gigabaiti 8 inamchukua dakika 36 kumfikia mteja. Zamani, kutoka kwenye meza yake, ilikuwa zaidi ya saa moja na nusu. Ameniuliza tena kuhusu Wi-Fi 7, kwa ulimi wa utani lakini na jicho la kweli. Nimempigia hesabu: gigabaiti 8 kwa Mbps 30 ni dakika 36 iwe rauta ni ya dhahabu au ya bati. Kinachobana sasa ni kifurushi. Kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zote zilifika Mombasa 2009, ziko karibu na sisi kuliko uwanja wa ndege, lakini tunapata kile tunacholipia tu. Na siku zinapoharibika zenyewe, kama SEACOM na kebo nyingine, EASSy, zilivyokatika pamoja 12 Mei 2024 na intaneti ya Afrika Mashariki ikasinyaa, hakuna kifaa cha sebuleni kitakachosaidia.

Matumizi yote: AX1500 Sh7,800, AC1200 Sh3,500, waya Sh2,400, vichwa na klipu Sh400, fundi Sh2,500, kadi Sh3,200. Jumla Sh19,800. Ile Sh5,200 iliyobaki chini ya bei ya rauta ya miguu ya kaa, tumekubaliana iende kwenye kifurushi kikubwa kwa miezi ya harusi peke yake, kisha turudi kwenye 30.

Yaliyobaki. Stima ikikatika, vituo vya juu vinazimika hata kama kisanduku cha chini kina betri yake. Vyote viwili vinatumia volti 12, kwa hiyo natafuta kibetri kimoja kwa kila ghorofa. Matundu ya ngazi bado hayajazibwa kandokando ya mfereji: mzee amesema atarudi na chokaa, na amenikataza nisiweke saruji, inafungia unyevu wa chumvi ndani ya ukuta na baadaye plasta inabambuka. Kidaka kimerudi kwa Mama, ameshaweka chetezo.